Njia ya Kurudi Nyuma Ndiyo Gemu Yenyewe

Mchezaji mgeni wa The Battle for Wesnoth hupoteza askari wake kwa namna ileile kila mara. Jua linazama, ana askari wa mkuki aliyebakiza nusu ya uhai, mbele yake yuko Orc, jitu katili la hadithi za kubuni, naye amejeruhiwa, na mchezaji anajiambia: pigo moja tu, namaliza. Anashambulia. Usiku unaingia. Zamu inayofuata askari wake hayupo, na Orc watatu wamejaa pale alipokuwa amesimama.

Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Katika gemu hii ya kompyuta ya bure, iliyoanzishwa na David White mwaka 2003, siku ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, kisha zamu mbili za usiku. Binadamu wengi wana nguvu mchana, Orc wana nguvu usiku, na tofauti ni asilimia 25 juu au chini. Askari wa mkuki hupiga mara tatu, pointi 7 kila pigo. Mchana pigo hilo linakuwa 9, yaani 27 kama yote matatu yatapata. Usiku linashuka hadi 5, jumla 15. Orc wa kawaida ana mapigo mawili ya 9. Usiku yanapanda hadi 11 kila moja, jumla 22, dhidi ya mtu ambaye akiwa mzima kabisa ana uhai 36. Saa ile ya machweo, basi, jambo la maana lilikuwa kugeuza mgongo na kwenda kijijini. Kijiji kinamrudishia askari uhai 8 kila zamu, na akitulia humo bila kusogea anaongezewa 2. Baada ya zamu mbili tatu kunakucha, na hesabu yote inageuka upande wake.

Wachambuzi wengi wa gemu za vita za zamu humaliza wino wao kwenye shambulio: silaha ipi kali, kikosi kipi kimependelewa, nani aanze kununua nini. Mimi nikifungua gemu mpya ya aina hii naangalia kwanza inamfanya nini aliyeshindwa pambano lakini bado yu hai. Anaweza kuondoka? Nani anayeamua aondoke: mwenyewe, dadu, au adui yake? Anakwenda wapi, na nini kinamzuia njiani? Hapo ndipo ninapojua kama walioitengeneza waliwahi kuifikiria vita, au waliishia kwenye mapigano.

Maana zipo gemu nyingi, na za bei mbaya, ambazo askari wake ni kama kete ya drafti kabla haijawa kingi: inasonga mbele au inaliwa, basi. Kinadharia unaruhusiwa kumrudisha askari, ila hakuna sababu ya kufanya hivyo. Aliyebakiza uhai kidogo anapiga kwa nguvu ileile ya aliye mzima, kumtibu ni ghali kuliko kununua mpya, na anayemfukuza ana mwendo sawa na wake, kwa hiyo atamfikia tu. Mchezaji mwenye akili timamu anapiga hesabu hiyo na kumtumia askari wake hadi tone la mwisho. Wahenga wetu walishasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, lakini gemu ya aina hiyo haina kwao mwoga wala nyumbani kwa kurudi. Ina mashujaa watupu, na kilio hakisikiki kwa kuwa kuna kitufe cha kununua wengine.

Wesnoth nayo haina amri maalumu ya kurudi nyuma. Kinachoifanya iwe na kurudi nyuma kwa kweli ni kanuni moja ya zamani ambayo wacheza vita vya mezani wanaijua vizuri: ramani imegawanywa vyumba vya pembesita, na karibu kila askari anatawala vile sita vinavyomzunguka. Adui akiingia katika chumba kimojawapo, mwendo wake unakatika papo hapo, hata kama alikuwa amebakiza hatua tatu. Kwa sababu hiyo askari wawili waliosimama wakiachana vyumba viwili vitupu katikati wanaifunga njia kwa zamu nzima, ingawa ukiitazama ramani unaona pengo. Majeruhi wako wanapita katikati yao kwenda nyuma, wanaowafukuza wananasa. Hapo kurudi nyuma kunakuwa kazi ya watu wengi: mmoja anaondoka kwa kuwa wawili wamekubali kubaki. Nani abaki? Aliye mzima ambaye ungependa awe mzima kesho pia? Au yule wa bei rahisi ambaye hujawahi kumwonea huruma? Na adui akiwa na askari mwepesi mwenye kipaji cha kupenya bila kujali eneo linalotawaliwa, mpango wako wote una tobo, inabidi uulizane na ramani upya.

Kanuni hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta za nyumbani. Charles S. Roberts wa Marekani alitoa mchezo wa mezani wa Tactics mwaka 1954, akaanzisha kampuni ya Avalon Hill, na mwaka 1958 ikatoka Tactics II. Ndani yake kulikuwa na jedwali la matokeo ya mapigano: unalinganisha nguvu za pande mbili, unarusha dadu, unasoma. Matokeo mengine yalikuwa kifo cha upande mmoja, mengine kubadilishana hasara, na mengine yalisema tu: mlinzi arudi nyuma vyumba viwili. Lile tokeo la tatu ndilo lililozaa ustadi wote. Katika Afrika Korps ya mwaka 1964, mchezo wa vita ya jangwani kati ya jenerali Mjerumani Rommel na Waingereza, kikosi kinacholazimika kurudi nyuma na kukuta kila njia inapita kwenye eneo linalotawaliwa na adui kinaondolewa mezani.

Fikiria maana yake kwa anayeshambulia. Hahitaji tena dadu limpe tokeo la kuua, tokeo ambalo ni adimu na linataka uwingi mkubwa wa nguvu. Anaweza kupeleka vikosi viwili vidogo nyuma ya mlinzi kwanza, kisha akampiga kwa mbele kwa nguvu ya wastani, na tokeo la kawaida la kurudi nyuma vyumba viwili likageuka hukumu ya kifo. Kuzingira kulianza kuwa na faida mezani kama kulivyo na faida vitani, na hakuna mahali popote kwenye sheria palipoandikwa kuwa kuzingira kunaongeza asilimia fulani ya nguvu. Ilitosha kwamba kikosi kinahitaji njia ya kurudi, na njia inaweza kufungwa. Nikiona gemu ya leo inampa mchezaji nyongeza ya asilimia kwa kumweka adui katikati, nasikitika kidogo. Matokeo wameyapata, sababu wameitupa.

Panzer General ya mwaka 1994 iliuchukua urithi huo na kuuingiza kwenye kompyuta kwa heshima yake. Kikosi kilichoelemewa kinasukumwa nje ya mahandaki yake, kinapoteza faida yote ya kujichimbia, na kama hakina pa kwenda kinasalimu amri. Wengi waliocheza gemu ile wakiwa vijana walijifunza kuzingira kutoka kwake bila mtu kuwafundisha.

Mchezo uliofika mbali zaidi kwenye jambo hili, kwa maoni yangu, hauna dadu wala asilimia. Ni Diplomacy, uliotungwa na Allan Calhamer na kuanza kuuzwa mwaka 1959. Mataifa saba ya Ulaya, mwaka 1901, wachezaji wanaongea pembeni, wanaahidiana, wanaandika amri zao kwa siri, kisha amri zote zinasomwa pamoja. Kikosi kikipigwa na nguvu kubwa kuliko yake kinang'olewa mahali kilipo. Hapo inakuja awamu ya pekee kabisa: mwenye kikosi anaandika kitarudi wapi, na awamu hiyo haina mazungumzo. Watu ambao wamekuwa wakinong'onezana jioni nzima wananyamaza, kila mtu na karatasi yake.

Chukua jeshi la Ufaransa lililoko Burgundy. Ujerumani inaipiga kutoka Munich ikisaidiwa na jeshi lake la Ruhr. Burgundy inapakana na mikoa saba. Munich haifai, kwa kuwa aliyekung'oa alitokea huko. Ruhr ina mtu. Zinabaki Paris, Picardy, Gascony, Marseilles na Belgium, mradi ziwe tupu na mradi pasiwe na majeshi mawili yaliyogongana hapo zamu hiyohiyo na kuacha mahali pakiwa patupu, maana napo ni marufuku. Mchezaji mwoga anaandika Paris, karibu na nyumbani. Aliyekomaa anatazama Belgium. Ni kituo cha ugavi (kila kituo kinalisha kikosi kimoja), ni tupu, na kama ni zamu ya vuli, atakayekuwa amesimama hapo mwisho wa zamu ndiye mmiliki. Mfaransa amepigwa, amefukuzwa Burgundy, na kwa kufukuzwa huko amepata nchi nyingine. Mjerumani aliyeshambulia anabaki anajiuliza kwa nini hakusubiri masika.

Halafu kuna chaguo ambalo wageni hawalioni kabisa: kukataa kurudi. Sheria inamruhusu mwenye kikosi kilichong'olewa akivunje mwenyewe. Unaweza kudhani ni upuuzi, hadi ukumbuke kuwa baada ya vuli kila nchi inalinganisha vituo vyake na vikosi vyake, na anayepungukiwa vikosi anaruhusiwa kuunda vipya katika vituo vyake vya nyumbani vilivyo vitupu. Jeshi la Ufaransa lililokwama mbali, tuseme Munich, linavunjwa leo jioni na kuzaliwa upya kama manowari za Brest, au jeshi jipya Marseilles mahali ambapo Mwitalia alikuwa ameanza kunyemelea. Kilomita mamia zimepitwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Adui aliyekuwa akijipongeza kwa kumng'oa amemsaidia kumrudisha nyumbani haraka kuliko miguu yake ingeweza. Na vikosi viwili vya nchi tofauti vikiandika kurudi mkoa mmoja, vyote viwili vinavunjwa, kwa hiyo hata wawili waliopigwa siku moja lazima wabahatishe mawazo ya kila mmoja. Sijaona gemu ya kompyuta yenye bajeti ya mamilioni iliyomfikiria mshindwa kwa undani kiasi hicho.

Wapo waliomfikiria wakakosea. Heroes of Might and Magic III ya mwaka 1999 ina mlango wa dharura wa aina mbili. Shujaa wako akielemewa, ama anakimbia na kuliacha jeshi lake lote lipotee, ama analipa dhahabu na kusalimu amri akiondoka na askari wake. Kwa wazo, ni zuri sana: kila njia ina bei, na bei zinatofautiana. Mlinzi aliyezingirwa mjini hana mlango wowote, isipokuwa mji wa Stronghold wenye njia ya kutorokea chini ya ardhi. Na kuna pingu fulani ambazo aliyenazo anaufungia uwanja mzima, hakuna kukimbia wala kusalimu amri. Tatizo ni kwamba shujaa aliyekimbia anapatikana tena baa ya mjini, dhahabu 2,500, na vifaa vyake vyote na uchawi wake wote. Wachezaji wakagundua. Unampeleka mchawi hodari na kiumbe mmoja wa bei poa, anatupa radi au mvua ya moto juu ya jeshi kubwa la adui, kabla hajaguswa anakimbia, unamwajiri upya, anarudi. Jeshi lililojengwa kwa miezi ya gemu linayeyuka bila kupigana. Katika mashindano ya mtandaoni ni kawaida wachezaji kukubaliana kuipiga marufuku mbinu hiyo, na hapo unajua kuwa kanuni imevunjika: watu wanatia saini makubaliano ya kutoitumia. Mbunifu alitoza bei ya jeshi akasahau kutoza bei ya njia. Shujaa hakimbilii popote. Anatoweka, na hakuna awezaye kumkatia njia.

Civilization, mfululizo wa gemu za kujenga dola, nayo imelihangaikia jambo hili kwa miaka mingi bila kulipata sawasawa. Katika toleo la tatu, la mwaka 2001, vikosi vyenye kasi viliweza kujinasua vikibakiza pointi moja ya uhai. Toleo la nne, mwaka 2005, liligeuza hilo kuwa asilimia ambayo farasi wananunua kwa uzoefu wao, na inafanya kazi wanaposhambulia tu. Wakishambuliwa wanakufa kama wengine. Huko ni kupewa bahati ya kutokufa. Farasi harudi popote, anabaki palepale alipoanzia. Toleo la tano ndilo lililokaribia, tena bila kutumia neno la kurudi nyuma: Keshik, wapiga mishale wa farasi wa Wamongolia, waliruhusiwa kusogea baada ya kupiga. Mara moja watu wakaanza kucheza vita ya Wamongolia kama ilivyokuwa, piga na uondoke, mvute adui hadi atawanyike. Majenerali Jebe na Subutai waliwavuta wakuu wa Rus, Urusi ya kale, kwa siku tisa namna hiyo kabla ya kuwageukia mtoni Kalka mwaka 1223.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo gemu zote hizo zinaliruka: hofu. Kikosi kinarudi nyuma kwa kuwa dadu limesema au mchezaji ameamua, na kikifika huko nyuma ni kikosi kilekile, kimepungua tu. Vitani si hivyo. Machi 10, 1979, huko Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, Brigedi ya 201 ya jeshi la Tanzania, JWTZ, ilishambuliwa na jeshi la Idi Amin likisaidiwa na Walibya. Maroketi ya Walibya yaliwatia kiwewe askari, brigedi ikasambaratika, watu wakatimka kurudi walikotoka. Ukilitazama tukio hilo kwa macho ya gemu nyingi, brigedi hiyo imekufa, iondoe kwenye ramani. Lakini waliotimka walikusanywa. Brigedi ya 208, iliyokuwa imesonga mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuke ikate barabara ya Kampala nyuma ya adui. Asubuhi ya Machi 11 adui huyohuyo alipigwa kutoka pande mbili, mbele akiwa na brigedi ileile iliyokimbia jana yake, na safari hii waliotimka ni Waganda na Walibya.

Ni gemu gani inaweza kukupa Lukaya? Inatakiwa kikosi kiweze kuvunjika bila kufa, kiwe hakifai kwa kitu chochote kwa muda, kisha mtu mwenye cheo akifikie na kukirejesha. Mezani jibu lipo tangu mwaka 1977, katika Squad Leader ya John Hill. Kundi la askari lililopigwa hadi moyo ukakatika linageuzwa kete yake upande wa pili. Haliwezi kushambulia. Awamu ya kukimbia ikifika, linakimbilia pa kujificha, msituni au nyumbani, na haliruhusiwi kumkimbilia adui. Likikosa pa kwenda limekwisha. Huko mafichoni anahitajika ofisa. Akiwepo, unarusha dadu mbili dhidi ya kipimo cha moyo wa kundi lile, na uhodari wa ofisa unasaidia. Wakiamka, kete inageuzwa tena. Ghafla ofisa, ambaye kwenye gemu nyingi ni nyongeza ya namba ya shambulio, ana kazi yake halisi ya vita: kusimama nyuma njiani na kuwageuza wanaokimbia. Na mchezaji anaanza kujiuliza maswali ya kikamanda. Nimtume ofisa wangu bora mbele na wanaosonga, au nimweke nyuma akawaokote waliovunjika?

Kwa nini gemu nyingi za kompyuta, zinazoweza kupiga hesabu zote hizo kwa sekunde, zimeliacha hili? Sababu moja ni kwamba mchezaji hapendi askari wake wamkatalie amri. Mezani anakubali kwa kuwa dadu amelirusha kwa mkono wake. Kwenye skrini anahisi ameibiwa. Sababu ya pili ni aibu ya watengenezaji wenyewe: mpinzani wa kompyuta hajui kurudi nyuma vizuri. Ukicheza Wesnoth dhidi ya kompyuta utaona Orc wanakuja mchana kweupe, mmoja baada ya mwingine, kwenye mikuki inayowasubiri. Ndani ya programu kuna kigezo cha tahadhari, kwa kawaida 0.25, na kigezo cha ukali, 0.4, na anayetunga kampeni anaweza kuvibadilisha. Ukipandisha tahadhari, hata hivyo, unapata adui anayesitasita, anayesogea huku na huko bila azma. Kurudi nyuma vizuri kunataka kuona zamu tatu mbele na kujua unarudi kwa ajili ya nini, na namba moja haiwezi kubeba hayo. Kwa hiyo mbunifu anachukua njia rahisi: anaiacha kompyuta ipigane hadi kufa, anaipa askari wengi zaidi kufidia, na mchezaji anajifunza kuwa vita ni kuua wajinga wengi. Mchezaji huyo akikutana na binadamu mwenzake mtandaoni ndipo anaposhangaa kuona adui ambaye, jua likichwea, hayupo.

Nafasi ipo pia kwenye gemu ndogo. Advance Wars ya mwaka 2001 ilifanya jambo moja rahisi, nguvu ya kikosi inashuka pamoja na uhai wake, na papo hapo majeruhi wakawa na thamani ya kufikiriwa. Tanki lililobakiza 2 kati ya 10 halipigi kitu. Je, lirudi mjini likarekebishwe, 2 kila zamu na kwa pesa yako? Liungane na jenzake lililojeruhiwa wawe tanki moja lenye maana? Au libaki darajani kama kizibo, adui apoteze zamu nzima kulivunja? Maswali matatu mazuri kutoka kanuni moja. Na XCOM 2 ya mwaka 2016 ilimpa mchezaji ndege ya kuita ije kuwachukua askari wake, na ruhusa ya kumbeba begani mwenzako aliyeanguka. Nimeona watu wazima wakiharibu misheni nzima kumrudia askari mmoja, kisa wamempa jina la rafiki yao.

Kwetu Afrika Mashariki tuna kampeni ya kijeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ambayo kuanzia mwanzo wa mwaka 1916 hadi vita vilipokwisha ni kurudi nyuma tupu, na inashangaza kwamba haijapata gemu kubwa ya kuifaa. Machi 1916, Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, alijaribu kumzingira kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kuzunguka Kilimanjaro, mkono mmoja ukipita Taveta, mwingine ukizunguka mlima kwa upande wa pili. Mkono wa pili ulichelewa, Lettow akateleza kusini. Jambo hilo likajirudia tena na tena: Smuts anatupa mikono miwili, Lettow anapita katikati kabla haijakutana. Morogoro ikaangukia mikononi mwa Waingereza Agosti 1916 bila jeshi la Wajerumani kunaswa ndani yake. Oktoba 1917 huko Mahiwa alisimama, akapigana siku nne, akawatia Waingereza hasara ya watu zaidi ya 2,000, kisha akaondoka kama kawaida yake, kwa kuwa naye asingeweza kuzifidia hasara zake. Novemba 25, 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na watu karibu 2,000 wa kupigana, wagonjwa na majeruhi akiwa amewaacha nyuma waokotwe na adui. Alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Wapenda vita wa Ulaya humsifu kwa hayo kama bingwa wa kurudi nyuma, na kwa hesabu ya vyumba na zamu ni kweli. Ila gemu itakayotengenezwa juu yake kwa kanuni nilizozieleza hapo juu itakuwa ya uongo, kwa sababu zote zinamtoza bei anayerudi nyuma peke yake. Lettow alilipa kwa vya watu wengine. Jeshi lake lilikula akiba za vijiji lilipopita, na lililomfuata likala kilichobaki. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kwa hiyo kila chumba cha ramani kinatakiwa kiwe na chakula na watu, kila hatua ya kurudi nyuma ipunguze vyote viwili, na idadi ya wapagazi ndiyo iamue hatua ngapi zinawezekana zamu ijayo. Adui anayefukuza naye apite palepale na kukuta patupu. Eneo linalotawaliwa liwe dhaifu porini na kali kwenye reli na vivuko vya mito, maana ndivyo Lettow alivyoweza kuteleza. Mchezaji apate njia ya kuokoa jeshi lake kila mara, na gemu imwoneshe chumba kwa chumba alichokiacha nyuma. Injini ya kuanzia haihitaji kununuliwa: Wesnoth inamruhusu yeyote kuandika kampeni yake kwa faili za maandishi ya kawaida, vyumba vyake tayari ni vya pembesita, na eneo linalotawaliwa limo. Sura ya kwanza ya kampeni iwe Taveta, Machi 1916, mchezaji akiwa upande wa anayezingirwa, na zamu zihesabiwe hadi mkono wa pili wa Smuts ufike.